Niliyoyaona kwenye Beseni

Mimi nilikuwa mfuaji, si mtazamaji.
Kila Jumatatu, nyuma ya jiko la Chuo cha Ufundi,
walinitupia gunia moja, jezi kumi na nne,
nami nikausoma mchezo wote kwa mikono
kabla Mwalimu Lisamula hajamaliza kuueleza paredi.

Ya Ligare, beki, ilikuwa na damu kolani na nyasi mgongoni.
Ya Wesonga, kipa, ilinuka tope hadi kwenye lebo.
Ya yule kijana wa akiba ilikuwa na rangi ya benchi tu,
kijani cha mbao, maskini,
nayo niliifua vilevile.

Namba kumi ilikuwa ya Shivachi.

Ninyi hamkuwapo mwaka ule.
Kakamega nzima ilikuwa na Shivachi mdomoni kama muwa.
Walimwita Radi, na hapa kwetu jina hilo halitolewi ovyo:
tumezika watu waliojikinga mvua chini ya mkaratusi.
Watoto wa Amalemba walijichora kumi mgongoni kwa mkaa.
Mwuza simsim wa lango la Bukhungu alikataa hela yake.
Akaja bwana mmoja kutoka Nairobi, miwani ya jua usoni,
akala ingokho nzima, akanawa, akapiga picha,
akasema, "Ulaya. Miezi sita."
Tangu siku hiyo miezi sita ikawa ndiyo kalenda yetu.
Mkuu wa chuo akapunguza karo.
Mamake, kule Shinyalu, akachimba msingi wa nyumba ya matofali.

Muhula wa pili
namba kumi ikaanza kurudi safi.
Si safi ya kufuliwa. Safi ya kutoguswa.
Jasho kidogo tu makwapani,
kama la mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.
Huko nje isukuti bado zilimtangulia uwanjani
kama fahali wa Khayega,
na fahali, mnajua, akisifiwa kupita kiasi
huzisikiliza ngoma, asimwone mwenzake anayemjia.

Dhidi ya watu wa Kisumu alikosa mara tatu, yeye na lango peke yao.
Wakasema uwanja mbovu.
Dhidi ya Kaimosi wakasema refa.
Dhidi ya Bungoma hawakusema.

Jumatatu ile jezi ilikuja imejaa matope kifuani.
Nikafurahi, wallahi nikafurahi.
Nikaiinua kwenye mwanga nianze na doa kubwa,
nikaona vidole.
Vitano, vimeburutwa kutoka kolani hadi kitovuni,
vya mtu aliyechota tope kwa kiganja
akajipaka mwenyewe,
pengine nyuma ya choo, wenzake wakivua viatu.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini?
Niliongeza sabuni,
nikasugua mpaka maji yakawa maji.

Miezi sita ikafika, ikapita, ikajirudia.
Bwana wa miwani akabadilisha namba ya simu.
Ule msingi wa Shinyalu bado upo;
wamepanda sukuma ndani yake, na zinastawi.

Juzi nimemwona Lubao, siku ya soko la mbwa,
akipakua saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi.
Ana kitambi sasa. Mfuko begani, mwingine, mwingine.
Hakuna aliyepiga makofi;
mbwa mmoja wa kuuzwa alibweka, akanyamazishwa.
Fulana yake ilikuwa imelowa mgongo mzima,
jasho ninalolijua, lile linalokauka
na kuacha chumvi pembeni kama mpaka wa kaunti.

"Mama Khasandi," akasema, "bado unafua?"
"Mgongo umekataa," nikamjibu.
Akacheka kidogo.
Kisha akaviangalia vidole vyake, vyeupe kwa saruji,
akavipangusa kwenye suruali, mkono mmoja kwanza,
halafu, taratibu, na ule mwingine.